Tumbo Lililonifungia Mafiga

Kuna kipindi nilikuwa naujua mji wa Morogoro kwa vyoo vyake. Mtu akiniambia tukutane sokoni, au tuonane stendi ya Msamvu, au twende tukamjulie hali mgonjwa Kihonda, nilikuwa sifikirii nauli wala jua. Nilifikiria choo kiko upande gani, kina maji au hakina, na ufunguo wake anao nani. Nikikosa jibu, nilisema nina kazi nyingi. Majirani zetu wa Mafiga walizoea hivyo: mwalimu ana kazi nyingi.

Ni kweli mimi ni mwalimu. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari ya serikali, kazi niliyoianza nikiwa kijana na ambayo sasa inanikaribisha kwenye kustaafu. Nyumba yetu ni ya kawaida, ina ua wa michongoma, na ukifungua dirisha la jikoni unaiona milima ya Uluguru imekaa pale kama mtu aliyekuja kukaa na haondoki. Mke wangu ni Mluguru wa Matombo. Kaka yake humletea mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka shambani, naye huviuza barazani kwetu. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni binti, na mambo haya kwa sehemu kubwa yanamhusu yeye, ingawa yalianzia tumboni mwangu.

Yalianza na damu. Mwanzoni nilijiambia ni bawasiri, ugonjwa ambao wanaume wa rika langu wanautania vijiweni. Baada ya muda nikawa nakimbilia chooni kutwa nzima, na kinachotoka ni damu na ute. Zahanati ya kwanza waliniambia nina amiba, nikamaliza dozi. Ya pili wakasema taifodi, nikachomwa sindano. Ya tatu wakasema ile taifodi haikuisha, imejificha. Nikakonda mpaka suruali ikawa inashikwa na mkanda tu. Walimu wenzangu wakaanza kunitazama kwa ile huruma ya kimya ambayo kila mtu wa nchi hii anaijua, huruma ya kukuhesabia ugonjwa mwingine. Nilikwenda kupima na huo. Sikuwa nao. Lakini ningemwambia nani, na ningeanzaje? Kwamba jamani, msinifikirie hivyo, mimi naharisha tu?

Lililonimaliza lilitokea Dumila.

Nilikuwa nimeitwa kwenye semina ya walimu Dodoma. Basi lilipotoka Morogoro tumbo lilikuwa limetulia, na nilikuwa nimekaa kiti cha mbele nikiamini mambo yatakuwa salama. Tulipokwisha kuipita Magole, likaanza kukaza. Nikainuka nikamfuata kondakta.

“Kijana, nakuomba umwambie dereva asimame.”

“Mzee vumilia kidogo, Dumila hiyo hapo.”

“Sitafika.”

“Unafika, mzee. Hapa trafiki watatukamata.”

Alisema kweli, Dumila ilikuwa hiyo hapo, nilikuwa nayaona mapaa yake. Nilishikilia bomba la mlangoni kwa mikono miwili. Basi likasimama, wauza vitunguu na nyanya wakalizunguka na ndoo zao vichwani, mlango ukafunguka, nikashuka ngazi moja, na pale pale kwenye ngazi ya pili mwili ukaniacha. Kulikuwa na watu mbele yangu na watu nyuma yangu. Kuna kijana alicheka. Mama mmoja muuza vitunguu alinitazama usoni, kisha akatazama chini, kisha akaweka ndoo yake, akafungua kanga aliyojitanda juu ya gauni na kunifunga kiunoni kana kwamba mimi ni mtoto wake. Akanishika mkono akanipitisha nyuma ya vibanda, akanipa maji kwenye kopo. Hakuniuliza neno. Nilirudi Morogoro kwenye lori la mkaa, nikimwambia dereva nina malaria. Mke wangu naye nilimwambia malaria.

Tangu siku hiyo harufu ya vitunguu vibichi ilikuwa inatosha kunipeleka chooni. Hilo nalisema kama lilivyo. Mke wangu akikata vitunguu jikoni, mimi nikiwa sebuleni nasahihisha madaftari, tumbo linakaza.

Hatimaye daktari mmoja wa hapa mjini, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikataa kunipa dozi nyingine ya taifodi, akaniandikia rufaa kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa tumbo. Huko nikaingiziwa kamera. Daktari bingwa huyo alikuwa mwanamke kijana, pengine rika la wanafunzi wangu wa zamani, na alinionyesha mwenyewe picha: utumbo mpana umevimba, una vidonda vinavyovuja damu kila vinapoguswa. Akasema ni ugonjwa wa kudumu. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo wa mwili huo huo. Hautokani na uchafu, wala hauambukizi. Hauponi ukaisha, lakini unaweza kutulizwa ukalala.

Nilianza dawa. Zile za mwanzo zilinivimbisha uso mpaka wanafunzi wakasema mwalimu amepata hela. Zilizofuata zilikuwa za kumeza kila siku, na bado nazimeza. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Nikanenepa kidogo. Mtu yeyote aliyenitazama kwa nje angesema yameisha.

Ila mimi nilikuwa sitoki. Asubuhi nilikuwa sinywi chai wala maji mpaka kipindi cha mwisho. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikwenda chooni, nikafika getini, nikarudi chooni, nikafika tena getini, nikarudi. Shuleni nilimwomba mwalimu wa taaluma anipangie madarasa yaliyo karibu na choo cha walimu, nikamwambia ni magoti. Msikitini nilitoka safu ya kwanza nikaenda safu ya mwisho, mlangoni, penye viatu. Hata pale, nikisujudu tu tumbo linaniambia udhu unakutoka, na sikujua kama umetoka kweli au nimehisi. Nikaanza kuswali nyumbani. Imamu alituma mtu kuniulizia, nikasema magoti.

Baya zaidi lilikuwa misiba. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi akasamehewa, lakini kutoonekana msibani ni neno. Kukaa kwenye jamvi na wanaume wenzako kutwa, kusindikiza jeneza, kusimama makaburini ambako hakuna hata kichaka. Sikwenda. Nilituma mchango kwa mke wangu. Alifariki jirani ambaye tulikuwa tunagawana naye maji ya kisima kimoja, na mimi nikamzika kwa kuchungulia dirishani, nikiwatazama wanaume wa mtaa wakipita na jeneza mabegani. Baada ya hapo baadhi yao wakawa hawanisalimii kwanza.

Nyumba ikawa ndogo. Kuna wakati nilikuwa nasimama kwenye lile dirisha la jikoni nikiitazama milima, nikiona moshi wa mashamba huko juu, nikijua mke wangu anatamani kwenda kumwona mama yake na hataki kuniacha peke yangu. Nilikuwa nimejifungia na nimemfungia na yeye.

Nikarudi Dar kwa kamera ya pili. Nilikwenda kwa garimoshi kwa sababu lina choo, na safari nzima nilikaa nikikitazama kitasa chake. Yule daktari alinionyesha picha tena. Utumbo ulikuwa wa waridi, unang'aa.

“Mwalimu, umetulia kabisa,” alisema. “Vile vidonda havipo.”

“Mbona bado nakimbia?”

“Unakimbia wakati gani? Ukiwa nyumbani likizo, umekaa tu?”

Nikafikiri. “Hapana. Nikikaa tu huwa niko sawa.”

“Na ukitaka kutoka?”

“Linaanza hata viatu sijavaa.”

Akasogeza kiti. “Utumbo una mishipa yake ya fahamu, mwalimu, mingi sana, na ina njia ya moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Vinazungumza muda wote, havikuombi ruhusa. Ulipokuwa na vidonda, utumbo ulikuwa unapeleka habari za hatari kila mara, na ubongo ukazoea kuitikia haraka. Sasa hatari haipo, ila ubongo haujui. Ukishika kitasa cha mlango unaogopa, nao unaliamrisha tumbo likaze.”

“Una maana mimi ni mgonjwa wa akili?”

“Sijasema hivyo. Tumbo linakaza kweli. Maumivu ni ya kweli. Shuleni kwenu mnagonga kengele?”

“Tunagonga.”

“Mtoto mtundu akiigonga saa isiyo yake, wanafunzi wanafanyaje?”

“Wanatoka.”

“Wangapi?”

“Wote,” nilisema. “Tena mbio.”

Alinipa vidonge vidogo vya kupunguza wasiwasi, akanifundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni, akaniambia niwe natoka nyumbani umbali mdogo bila kwenda chooni kwanza, kisha niongeze. Akasema ubongo unaweza kufundishwa upya, polepole. Akanishauri pia nimwone mshauri wa magonjwa kama hayo hapo hospitalini.

Nilitoka nimekasirika. Kidonda nilikuwa nimekizoea. Kidonda kina picha, kina dawa, ukimwonyesha mtu anakuonea huruma. Sasa nimeambiwa mlango uko wazi na anayenizuia ni mimi, na bado siwezi kutoka. Nilijiona mjinga, na mjinga aliyefungwa ana hali mbaya kuliko mgonjwa aliyefungwa. Vile vidonge niliviweka kwenye mtoto wa meza.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapima karafuu. “Kasemaje?”

“Kasema utumbo umepona.”

Akaacha mizani. “Alhamdulillahi! Basi Jumamosi twende Matombo. Mama ameniulizia mpaka ameacha.”

“Jumamosi nina kazi.”

Alizikusanya karafuu zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye mfuko.

“Kumbe halikuwa tumbo,” alisema. “Ni sisi ndio hututaki.”

Nilitakiwa nimweleze pale pale. Nilifungua kinywa, na nilichokisikia ni namna maneno yangu yatakavyokuwa: utumbo wangu mzima, ila ubongo wangu unauogopa. Nikanyamaza. Jumamosi alikwenda peke yake.

Vile vidonge nilikuja kuanza kuvimeza baadaye, na mazoezi nikaanza pia. Nilikuwa natoka kabla jua halijawa kali, bila kupita chooni, nafika kwenye duka la pembeni, narudi. Kuna siku nilifika mpaka barabara ya lami. Kuna siku nilishindwa getini. Hali ikawa hivyo, mbele nyuma, mpaka binti yetu alipochumbiwa.

Mchumba alikuwa bwana shamba kijana, kwao Kilosa, mpole, mwenye kuinamisha kichwa akisalimia. Tulimpenda. Tatizo likawa mahali. Bibi yake binti, yaani mama mkwe wangu, miguu yake haimruhusu tena kushuka mlimani, na binti alitaka ndoa ifungwe mbele ya bibi yake. Kwa hiyo ikapangwa Matombo.

Shemeji yangu, yule wa viungo, alikuja Mafiga na mkungu wa ndizi begani kuzungumzia mipango. Kwa Waluguru mjomba ana neno zito kwa watoto wa dada yake, na yeye alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende.

“Shemeji,” aliniambia, “njia ya kule mvua imeiharibu, na wewe afya yako tunaijua. Nipe uwakala tu. Mimi mjomba mtu nitamuozesha mtoto, hakuna litakaloharibika. Sheria inaruhusu.”

Nilihisi kifua kikifunguka. Nikasema, “Umenisaidia sana, shemeji. Na iwe hivyo.”

Binti alikuwa jikoni. Akatoka, mikono ina unga.

“Samahani, mjomba,” alisema. Kisha akanigeukia. “Baba, siku hiyo wewe utakuwa wapi?”

“Nitakuwa hapa nyumbani, mama. Nitawaombea.”

“Hapa? Siku ya ndoa yangu umekaa Mafiga?”

“Unajua hali yangu.”

“Naijua. Naijua kuliko unavyodhani.” Alijifuta mikono kwenye kanga. “Basi waambieni watu wa Kilosa wasubiri mpaka utakapoweza. Mimi siozwi na wakala wakati baba yangu yuko hai.”

Akarudi jikoni. Shemeji alinitazama, mimi nikautazama ule mkungu wa ndizi. Hakuna aliyezungumzia uwakala tena.

Kuanzia mchana wa siku iliyotangulia safari sikuweka kitu mdomoni ila maji kidogo ya kumezea dawa. Nilikaa mbele kwenye gari, upande wa mlango. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, ameshika mfuko wa plastiki mapajani.

“Nimekuwekea suruali,” alisema bila kunitazama. “Na sabuni.”

Ndipo nilipojua kwamba anajua. Kwamba pengine alijua tangu siku ya lile lori la mkaa, maana nguo nilizorudi nazo nilizifua mwenyewe, na mimi sikuwa na kawaida ya kufua.

Barabara ya Matombo ni ile ile, unapanda, unashuka, unapishana na pikipiki zenye mikungu ya ndizi na magunia ya matunda, na matope yanaburuza gari kuelekea korongoni. Niliomba gari lisimame mara mbili. Mara ya kwanza niliingia migombani nikapata nafuu. Mara ya pili niliingia migombani nikachuchumaa na hakuna kilichotoka hata kidogo. Nilirudi garini nimeloa miguu. Shemeji, aliyekuwa anaendesha, alifuta kioo kwa kitambaa akawasha gari.

Nilipofika kwa mama mkwe nilimsalimia, “Shikamoo mama,” akaitikia kwa ile sauti yao ya mlimani inayopanda mwishoni, na kabla sijakalishwa nilizunguka nyuma ya nyumba kutazama choo kilipo. Kilikuwa mbali, chini ya mteremko, kupita migomba, na njia yake ilikuwa inateleza. Nikaipanga akilini. Nikapanga pia mahali pa kukaa, pembeni ya mkeka wa mwisho.

Lakini baba wa bibi harusi hakai mkeka wa mwisho. Uani walikuwa wamefunga turubai na kutandika mikeka mingi, na shemeji alinishika mkono akanipeleka hadi ukutani, katikati, uso kwa uso na bwana harusi. Sheikh kulia kwangu, wazee wa Kilosa kushoto, na mbele yangu safu kwa safu za wanaume waliokunja miguu, goti kwa goti, hadi mwisho wa turubai. Wanawake walikuwa ndani, dirisha liko juu ya kichwa changu. Nilipotazama hakukuwa na mahali pa kuweka hata unyayo.

Sheikh alianza hotuba ya ndoa. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Jasho likaanza mgongoni. Mtu fulani huko nyuma kwenye jiko la pilau alikuwa anakata vitunguu. Nikavuta pumzi tena. Tumbo likakaza, likaachia, likakaza na halikuachia.

“Mzazi,” sheikh alisema, “uko tayari kumuozesha binti yako kwa kijana huyu, kwa mahari waliyokubaliana?”

Nikainuka.

Sikukusudia. Miguu iliinuka. Nikapitisha mguu mmoja juu ya magoti ya bwana harusi, nikaukosa mkeka, nikamkanyaga mtu vidole.

“Vipi tena?” alisema baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mnene mwenye kofia ya kufuma. “Baba mtu amekataa?”

“Amekataa?” “Nani kakataa?” Maneno yakakimbia mikekani mpaka mwisho. Bwana harusi alinitazama kutoka chini, amefungua mdomo kidogo.

Shemeji akanishika mkono wa kanzu. “Shemeji, unatuaibisha. Kaa.”

“Niache.”

“Kaa useme neno moja tu, halafu uende.”

Hilo neno moja nisingeliweza. Na kuondoka bila kusema neno ilikuwa ni kuivunja ndoa ya mtoto wangu mbele ya watu waliotoka Kilosa. Nikasimama hivyo, mguu mmoja mkekani na mwingine hewani, wanaume wote wananitazama. Sikuwa na pa kwenda. Nikasikia sauti yangu ikitoka, kubwa, ile ya darasani.

“Sijakataa! Mimi ni mgonjwa. Nina ugonjwa wa utumbo, ni miaka sasa, nimeuficha. Nikikaa hapa nitajisaidia kwenye mkeka. Ndoa naitaka, kijana namtaka. Naombeni njia, na mnisubiri.”

Kisha yule mzee wa Kilosa akavuta miguu yake, na wa nyuma yake akavuta, na wa nyuma yake, ikapatikana njia. Nikakimbia.

Niliteleza kwenye migomba nikachafua kanzu. Nikaingia chooni, nikachuchumaa, nikangoja. Hakikutoka kitu. Hata upepo. Sikuwa nimekula tangu jana yake, kingetoka nini? Nilikaa mle nikisikiliza nzi na maji ya kijito huko chini, na lile tumbo lililokuwa limekaza kama ngumi likaanza kuachia lenyewe, polepole, bila mimi kufanya lolote. Nilimkumbuka yule daktari. Nilitaka kucheka, lakini nilichofanya ni kulia, na nililia vizuri, kwa sababu hakuna mtu wa kuniona. Kisha nikatawadha kwa maji ya kopo, nikapanda.

Walikuwa bado wamekaa. Nilipita kwenye ile njia yao nikakaa ukutani. Kanzu yangu ilikuwa na tope kuanzia gotini. Sheikh hakurudia hotuba; aliuliza tu swali lake, upya, kwa sauti ile ile. Nikaushika mkono wa kijana, ulikuwa wa baridi kuliko wangu, nikasema kwamba nimemuozesha binti yangu. Akasema amekubali. Vigelegele vikatoka dirishani juu ya kichwa changu mpaka masikio yakaziba.

Siwezi kusema kila mtu alilichukulia vizuri. Kijana mmoja wa upande wa Kilosa alilifanya kichekesho wakati wa kula, nikamsikia akiniigiza nilivyokuwa nimesimama mguu mmoja, na wenzake wakacheka. Shemeji hakunisemesha mpaka jioni. Pilau sikuligusa; mama mkwe aliniletea ndizi za kuchemsha zisizo na kitu, akaziweka mbele yangu akaenda zake.

Nilipoitwa ndani kumwona binti, wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka mashavuni, na mashangazi walikuwa wanamfuta kwa pamba.

“Nilidhani umebadili mawazo, baba,” alisema.

“Mimi? Kwa nini nibadili?”

“Sijui. Nilisikia tu wanasema umekataa.” Akavuta kamasi. “Halafu nikasikia unasema yale maneno. Mama akanishika mkono hapa, akanibana mpaka imebaki alama. Tazama.”

Nikatazama. Mke wangu alikuwa nyuma yake, ameshika kitana. Alinisogelea akanikung'uta tope la kanzu kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayekung'uta zulia.

“Ile suruali iko kwenye mfuko,” alisema. “Kabadilishe.”

Sasa binti yuko Ifakara, mumewe amehamishiwa huko. Mimi bado niko Mafiga. Imamu na mkuu wa shule wanajua, niliwaambia mwenyewe, na watu wa mtaani walipata habari bila kuambiwa. Msikitini ninakwenda, safu yoyote yenye nafasi, na nikiinuka katikati hakuna anayegeuka. Misibani ninakwenda ikiwa ni karibu. Mazoezi ninaendelea nayo. Kuna wiki nafika Msamvu kwa miguu na kurudi, nimekunywa chai, na kuna wiki nasimama getini nimeshika komeo na mwili wote unaniambia rudi, na ninarudi. Daktari anasema ndivyo inavyokwenda. Kamera ya mwisho ilikuwa safi.

Jumapili binti huwa ananipigia simu.

“Baba, unakuja lini? Choo kipo ndani, hatua chache kutoka kitanda cha wageni. Nimekipiga deki.”

“Nitakuja, mama.”

“Mwezi ujao?”

“Insha Allah.”

Nasikia mvua ya huko kwao ikigonga bati. Kisha ananiuliza leo nimefika wapi, na mimi namwambia.